Kifungo cha Dada

Nyuma ya kituo cha mabasi,
Jumapili, tarehe 9

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na mapacha hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Huku tu wazima wa mwili. Mama sasa anatembea bila fimbo na anagombana na kila mtu, kwa hiyo amepona. Mgonjwa ni mimi, naumwa hasira.

Wamemkata Dada. Jina lake limeondolewa kwenye uchaguzi wa udiwani. Afisa wa tume alitusomea katiba, pale inapomzuia kugombea mtu yeyote "aliyetumikia kifungo". Unakumbuka alivyolala gerezani mwezi mzima kwa sababu aliketi barabarani na kina mama wenzake, zahanati ilipokosa dawa za wajawazito. Basi hicho ndicho kifungo chake.

Sasa sikia la kuchekesha, ingawa mimi sikucheka. Bwana Tumbo, yule mganga mkuu wa zamani aliyeziuza dawa zenyewe, anagombea. Mahakama ilimtia hatiani, akalipa faini, akala chakula cha mchana nyumbani kwake. Hakutumikia kifungo, kwa hiyo kikatiba ni msafi. Mwizi ruksa, aliyempigia kelele marufuku.

Redioni wanasheria wanavutana. Mmoja anasema kifungo ni hukumu yoyote ya jinai, mwingine anasema ni kulala gerezani tu. Wa tatu anataka bunge libadilishe maneno hayo, lakini baada ya uchaguzi. Yaani Tumbo akiwa ameshakalia kiti.

Dada alimwuliza afisa kwa ule upole wake unaoudhi: "Mimi fundi cherehani, baba. Vifungo nimevitumikia miaka mingi. Unanikata kwa vya gereza au kwa vya mashati?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afisa naye akacheka, kisha akagonga mhuri. Kicheko kile kiliniuma kuliko mhuri.

Halafu baba mdogo akaja na akili zake. Anataka Dada amwandikie rais aombe msamaha, maana akisamehewa kizuizi kinaondoka. Barua ameshaiandaa. Inasema Dada anajutia kosa lake na hatarudia tena. Hatarudia nini? Jirani yetu wa mlango wa pili, mjamzito, alimfia mikononi akingoja sindano ambayo zahanati haikuwa nayo. Dada aliisoma barua, akaikunja, akarudi kwenye cherehani yake. Hajasema ndiyo wala hapana, na hilo linaninyima usingizi.

Nasikia umemwahidi baba mdogo kwamba utampigia Dada umshawishi, kwa kuwa wewe ndiye anayekusikiliza. Kaka, nakuheshimu kama baba, lakini kwa hili umenichefua. Akitia saini atarudishwa kugombea, sikatai. Na Tumbo ataisoma barua hiyo kwenye kila mkutano: jamani, hata mwenyewe amekiri.

Msalimie wifi, wabusu mapacha. Baba mdogo anakusalimu, nami nafikisha kwa kuwa nimelelewa vizuri. Mama anakuombea Mungu akupe afya na kazi yenye heri. Alisema hayo kabla sijamsomea barua hii.

Mpigie Dada. Ila kabla hujalitaja neno msamaha, mwombe akusimulie jirani yetu alivyokufa. Ukiweza kuendelea baada ya hapo, endelea.

Mdogo wako akupendaye, leo kwa shida,
Kitindamimba