Risasi Saba za Marehemu Baba

Bi Ardith mpendwa, naomba unisaidie kwenye safu yako ya gazetini, maana akili yangu imegoma na mke wangu Twyla amechoka kunisikiliza (majina nimeyabadilisha). Nina miaka hamsini na minne, bunduki yangu ya kuwindia ni ya marehemu baba, saizi ya kizamani ambayo risasi zake duka letu halijaziona tangu Pasaka, na sanduku lililokuwa dola ishirini na tano leo ukibahatika kulipata ni tisini, basi mimi kila nikipita dukani nikikuta rafu ina chochote nabeba, saizi yangu au si yangu, kwa kuwa tu kipo na kwa kuwa jamaa aliye nyuma yangu naye anakitaka, sasa nina masanduku kumi na moja chini ya ngazi na hakuna hata moja linaloingia kwenye bunduki yangu. Twyla ameyaona juzi akasema, "Hongera mume wangu, umenunua viatu vya watu wengine."

Za saizi yangu nimebaki na saba tu, alizozijaza baruti baba mwenyewe kwa mkono wake pale mezani jikoni, zimo kwenye boksi lake la kadibodi, juu ameandika kwa penseli "tatu za karatasi, nne za msituni", na kila nikiuona mwandiko ule machozi yananitoka, nalirudisha kabatini. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, na darubini ya bunduki iligonga mlango wa pikapu mwaka jana. Shemeji yangu Burl anasema, "Acha ubahili bwana, piga moja kwenye karatasi ya shabaha, ikikaribia katikati twende zetu." Jirani anataka kunijazia nyingine kwa mkono wake, lakini baba alinikataza kupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine, hata awe mchungaji. Twyla anasema niazime bunduki, yeye anachotaka ni nyama kwenye friza. Nisipoijaribu sijui inapiga wapi, nikiijaribu naona kama namzika mzee mara ya pili.

Kuna jingine, sijamwambia mtu. Mwaka jana nilizifanyia uchoyo risasi, nikaenda bila kuijaribu. Kambini kwetu anayemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, linapigiliwa ukutani na jina lake na mwaka. Nilipiga, Burl akaja mbio, "Vipi, umempata?" nikasema nimekosa. Wakaleta mkasi, wakanicheka, nami nikacheka. Bi Ardith, sikukosa. Kulikuwa na damu kwenye theluji ikielekea bondeni, nami niliifukia kwa buti kabla Burl hajafika. Sasa niende au nisiende? Sijui hata ninachokuuliza.

Aliyechanganyikiwa wa Tamarack

*

Ndugu Aliyechanganyikiwa,

Majina umebadilisha, lakini kaunti yetu ni ndogo, kwa hiyo nitakuwa mpole kidogo. Kidogo tu. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi ya kuchuna na kukatakata kulungu wa wawindaji, na nimekuta ndani ya nyama vidonda vya mwaka uliopita vilivyooza. Najua ulifukia nini.

Pole kwa msiba wa baba. Lakini wewe mtu mzima, umelilia mwandiko miezi yote hii na hujasoma maneno! Mzee amekuandikia cha kufanya: tatu za karatasi. Alijua darubini hugongwa, alijua mwanawe ni mchoyo. Kibali chako ni cha kulungu mmoja. Nne zinakutosha na kubaki.

Jumamosi hii, kabla msimu haujafunguliwa, nenda uwanja wa shabaha, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, anza karibu, halafu hatua mia. Piga tatu, si moja ya Burl. Maganda yaokote uyatunze, ndiyo kumbukumbu yako. Zikikataa kukusanyika mahali pamoja, msikilize mkeo, azima bunduki, na hiyo nayo uijaribu.

Yale masanduku kumi na moja yapeleke kwenye chakula cha jioni cha kikosi cha zimamoto, ambako wawindaji wote wa kaunti hukutana. Nusu ya wanaume wa hapa wamelalia saizi za wenzao, kila mmoja akilalamika hakuna risasi. Badilishaneni, na bei iwe ile mliyonunulia. Mengine ni tamaa, na nyinyi ndio mlioimaliza rafu.

Sasa la ukutani. Bei ya risasi haikukufanya ufukie damu. Ungemwambia Burl ukweli, mngekuwa kambi nzima mnafuata ile damu, na huenda yule mnyama asingeteseka. Siwezi kukusafisha kwa hilo, na sitajaribu.

Nenda kambini. Kabla kahawa haijachemka, ling'oe lile pindo la shati, uwaambie, "Huyu sikumkosa." Halafu uwaombe kitu kimoja: mwaka huu ukipiga, yeyote kati yenu akipiga, mtu asiulize umempata au umemkosa mpaka wote mmekwenda kutazama kama kuna damu kwenye theluji.

Bi Ardith