Treni ya Marehemu Haina Harufu

Mshauri wangu, kabla hujafika mstari wa pili nakusihi ufunge mlango wa ofisi yako, na ukishasoma usimwonyeshe yeyote, hata huyo anayekupangia barua, kwa maana Machakos ni mji mdogo na mimi ni karani wa masjala, watu wananijua kwa faili zao. Ukiona ni lazima uichape, ondoa jina langu na la mtaa. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Nina miaka ishirini na sita, na nikitoka kazini huwa natengeneza treni ndogo. Si vitu vya kuchezea watoto, ni mifano ya treni za kweli iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja, kila taa na kila ngazi, na kwa kuwa vipuri vyake havipatikani madukani hapa huvitengeneza chumbani kwangu. Unachukua kitu cha asili, unakimwagia silikoni ikiwa bado uji, ikishaganda kama mpira unakitoa, na lile tundu linalobaki ndilo kalibu, halafu unachanganya rezini, ile plastiki ya maji ya chupa mbili, na kuimimina humo, na punde si punde unatoa nakala ngumu kama mfupa. Harufu yake hufika mpaka uani. Jirani yetu Mwikali huniambia mbele za watu, "Karani, hiyo kitu unapika huko ndani ikiiva utuite tuonje!" na wote wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu ni afadhali wadhani napika pombe kuliko wajue kwamba mtu mzima mwenye diploma analala juu ya masanduku ya treni.

Mwenye nyumba wetu ni mjane, nitamwita Mama Kavindu. Mume wake, Mzee Muthoka, alifanya kazi ya reli pale Konza miaka mingi, na alipostaafu alichonga kwa kisu injini moja ya mvuke, urefu wa kiganja, ya mti mwekundu mgumu. Alikuwa mtu wa ugoro, na kila jioni aliishika akiisugua kwa vidole vile vile, hata mti ukanywa harufu yake. Tangu azikwe, Mama Kavindu akitoka kanisani Jumapili, kabla hajafungua kitambaa kichwani, huitoa kabatini, huinusa na kusema, "Haya, Muthoka, tumerudi." Nimemwona, kwa sababu huniita chai.

Mwezi uliopita alienda Kola kumuuguza dada yake, akaniachia ufunguo nilishe kuku. "Wewe ndiye nakuamini, Karani," akasema. "Hawa wengine wako na mikono mirefu."

Mwenye mikono mirefu alikuwa mimi. Niliyatamani yale magurudumu ya injini, Mshauri, mzee alikuwa amezichonga njiti zake moja moja, nikajiambia naiazima siku moja tu, sitapunguza kitu. Sasa, mti una vitundu, na anayejua kazi hii huupaka vanishi kwanza ili silikoni isipenye. Mimi nilijua. Lakini niliogopa kwamba vanishi ingeacha alama na Mama Kavindu angegundua, basi nikapaka mafuta ya kujipaka tu, kidogo, kwa brashi. Silikoni ikazama kwenye nyufa. Nilipofungua, bomba la moshi likabaki ndani, magurudumu mawili yakang'oka, na tumbo la injini likapasuka kwa sauti ndogo kama ya karanga.

Kalibu ilitoka safi kabisa. Nikavichokoa vipande kwa sindano, nikamimina rezini, nikaipaka rangi kwa siku nne, nikaiweka kabatini mahali pake. Kila mkwaruzo wa kisu cha mzee ulikuwepo. Naona haya kukiri kwamba nilijisifu.

Jumapili aliyorudi aliniita chai kama kawaida, akaitoa injini kabatini. Akainusa. Akainusa tena, kisha akanisogezea puani.

"Hebu nusa, mwanangu. Wewe unasikia kitu?"

"Naisikia, mama," nikasema. "Ugoro. Iko."

Akaiangalia. "Kumbe ni mimi," akasema.

Tangu siku hiyo amenusa vitunguu, amenusa mafuta ya taa na sabuni, na vyote anavisikia. "Ni yeye tu simsikii," aliniambia. "Labda Muthoka amenikasirikia." Ijumaa mpwa wake Wathome anampeleka Nairobi kwa daktari wa pua, na kwa kuwa mimi ndiye karani alinipa fomu nimjazie. Penye nafasi ya kueleza tatizo akaniambia, "Andika, pua yangu imemkataa mume wangu." Nikaandika kwa mkono huu: mgonjwa hasikii harufu.

Vipande vya asili ninavyo, nimevifunga kwa gazeti ndani ya kopo. Nikilifungua, ugoro unanijia usoni. Juzi nilinunua ugoro sokoni nikiwa na nia ya kuisugua ile nakala, ili apate amani na safari ya Ijumaa isiwepo. Je, ni vibaya, ikiwa atafurahi? Nikisema ukweli nitapoteza chumba, na nitampoteza mtu pekee katika mji huu anayeniita mwanangu.

Tafadhali usiniandikie kupitia ofisini, barua huko hufunguliwa. Piga namba iliyo nyuma ya bahasha, saa saba na robo mchana, Jumatatu hadi Alhamisi tu. Iache iite mara mbili kisha ukate, nami nitatoka nyuma ya stoo nikupigie. Akipokea mtu mwingine, sema unaulizia faili.

Karani, Machakos

MSHAURI ANAJIBU

Karani, sitapiga. Mtu aliyejificha nyuma ya stoo hasikii ushauri, anasikiliza nyayo za watu. Nimeichapa barua yako leo Jumatatu kwa sababu Ijumaa haiko mbali.

Kwanza nikuondolee aibu isiyo yako. Kutengeneza treni si haya. Mzee Muthoka alikuwa na mvi akichonga treni, na mke wake hakumcheka, amemnusa mpaka leo. Fungua dirisha tu, vaa glavu na kinyago, hizo chupa zako si uji wa wimbi.

Sasa iliyo yako. Kuchukua kitu cha mjane aliyekupa ufunguo ni kosa, na unalijua. Kukivunja ni ajali iliyozaliwa na kosa hilo. Lakini "Naisikia, mama" haikupasuka kwa bahati mbaya. Uliitamka ukiwa na kikombe cha chai yake mkononi. Alikuwa na pua nzima, ukamnyang'anya. Alikuwa na mume aliyekufa akimpenda, ukamgeuza mume aliyenuna. Kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri! Nilisoma pale mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kukuvuta sikio.

Ugonjwa wako naujua. Wewe ni mtu wa kutoacha alama. Vanishi uliiogopa kwa sababu ingeacha alama, ukavunja. Ukweli nao unauogopa kwa sababu hiyo hiyo, na sasa unavunja kilicho kikubwa zaidi.

Huo ugoro wa sokoni umwage leo. Ukiupaka, kila Jumapili mama wa watu atakuwa anamsalimia mchuuzi akidhani ni mumewe, nawe umekaa pembeni unamega mkate. Hiyo si amani, ni nakala nyingine.

Nenda kesho, mchana, ukiwa umeomba ruhusa kazini. Beba kopo. Usibebe sukari wala leso, huendi kutoa pole kwa kosa la mtu mwingine. Vipande usivigundishe, vipeleke vilivyo. Usianze na habari za silikoni na vitundu vya mti, mafundi wote huanza hapo wakitaka kujificha. Wala usitangulize machozi, maana atalazimika kukubembeleza na zamu si yako. Maneno ya kwanza yawe haya: "Mama, pua yako ni nzima." Kisha fungua kopo, umpe alishike mwenyewe, unyamaze.

Mengine yote yaje baadaye, naye ataamua. Akitaka mchongaji aviunge, utamtafuta na utalipa. Ile nakala ni yake kuitunza au kuitupa, isichomwe tu, moshi wake ni sumu. Akikufukuza, hama bila kunung'unika. Vyumba vipo Machakos. Wathome utampigia wewe mwenyewe umwambie safari haipo na kwa nini, usimwachie mama kazi hiyo.

Huenda asikuite tena mwanangu. Siwezi kukuahidi. Lakini jina hilo alimpa kijana aliyemwachia ufunguo, na wewe bado hujamrudishia kijana huyo.

Umenieleza kwa urefu jinsi ya kukupata. Mimi nakueleza jinsi ya kumpata yeye. Toka chumbani kwako, uvuke ua. Mwikali akikuuliza umebeba nini, mwambie ni treni. Fika mlangoni kwa Mama Kavindu, ubishe, useme jina lako kwa sauti. Usibishe mara mbili ukaondoka. Simama hapo mpaka afungue.