Mlango wa Mama Bado Hauna Namba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima inayompasa mkubwa wangu, naileta barua hii mbele yako, na kusudi lake ni moja: kuomba uamuzi wako juu ya mlango wa nyumba aliyotuachia marehemu mama, hapa Kariakoo. Naiandika gazetini, mbele ya watu, kwa sababu barua nilizokupelekea kwa posta zimerudi na maelezo kwamba kijiji ulichokwenda hakijulikani. Nimearifiwa kuwa huko mlipo gazeti husomwa kwa sauti mikutanoni. Huenda mtu akakusomea.

Bila shaka unakumbuka siku tuliyomaliza kupaka rangi nyumba ya yule Mhindi wa Upanga, mchoraji wa ramani za majengo, aliyekuwa akifunga mizigo ahame nchi. Alitukabidhi sanduku la vitabu. Ulipomwuliza kwa nini haendi navyo, alijibu, "Mke wangu amechagua sahani." Tulilibeba kwa kupokezana hadi nyumbani, na mama alipoona hamna kitu cha kupika alisema, "Haya, wanangu wameniletea matofali ya karatasi."

Kiingereza chetu kilikuwa haba, lakini picha hazikuhitaji mkalimani. Kila tulipotoka kazini tulikaa barazani, wewe na kitabu cha mipango ya miji, mimi na kitabu cha herufi. Nilijifunza kuwa herufi ina kifua na ina nyayo, na kuwa uwazi ulio kati ya herufi mbili nao huchorwa. Wewe ulijifunza barabara. Soko jipya lilipokuwa likijengwa ulinishika mkono tukatazame zile nguzo za zege zinazochanua juu kama miavuli. "Hii imetoka kitabuni," ulisema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Hata hivyo, upo ukurasa ambao hatukuuzungumza tena. Ulikuwa na picha mbili za mtaa mmoja wa Ulaya. Ya kushoto ilionyesha vibanda, kamba za nguo, watoto na mbwa. Ya kulia ilionyesha majengo marefu meupe na majani yaliyokatwa sawasawa. "Mji umeponywa," ulisema. Mama alikuwa akipita na ungo wa mchele. Aliinama, akatazama kwa muda, akagusa picha ya kushoto.

"Hawa wa huku, kule wako wapi?"

Ulifunua ukurasa mwingine.

Ndipo walipotafutwa watu wanaojua kunyoosha mistari, waende kupima vijiji vipya vya ujamaa. Uliondoka na kitabu chako, pamoja na uzi wetu wa chaki, ule tuliokuwa tukiuvuta ukutani na kuuachia ili upige mstari. Mimi nilibaki na kitabu cha herufi, nikasokota uzi mwingine. Katika barua yako pekee iliyotufikia uliandika: "Mistari iko tayari. Sasa tunawaleta watu kwenye mistari." Niliisoma kwa fahari. Mama aliomba niirudie sentensi ya mwisho, kisha akaendelea kuchambua mchele. Alipokuwa mahututi, nawe huna habari, alitamka wasia wake mbele ya majirani: nyumba hii isiamuliwe kwa kinywa cha mmoja wetu, na mkubwa ndiye atangulie kusema.

Sasa nieleze yaliyotukia. Walikuja maofisa na ramani. Mtaa wetu umo ndani yake, umepakwa rangi ya kijani, na juu yake imechorwa miti ya mviringo. Walihitaji mtu wa mwandiko mzuri aandike namba nyekundu milangoni, nami nikateuliwa. Nilielezwa kuwa ni kuhesabu nyumba tu. Nilipiga uzi, nikaandika kwa taratibu zote za kitabu changu.

"Bwana Herufi!" aliita Bi Mwajuma, yule mwuza maandazi unayemfahamu. "Yangu umeinakshi kuliko ya jirani. Na sanda yangu utaiandika hivi hivi?"

Watu walicheka, na yeye akacheka kuwashinda.

Siku chache baadaye lori lilikuja kumchukua pamoja na karai lake. Alipokwisha kupanda alinitazama na kusema, "Umenyoosha, mwanangu. Umenyoosha mno." Katapila likafuata. Upande mzima wa mtaa haupo tena, Kaka. Asubuhi jua linaingia uani kwetu kupitia mahali ambapo halikupata kupitia tangu tuzaliwe, na kuku wanalikimbia. Lile swali la mama, leo ningeweza kumjibu.

Imebaki nyumba yetu kuandikwa namba. Msimamizi wa maofisa wale ni kijana mwenye adabu, huniamkia kila afikapo. Nilimwuliza namba ile maana yake ni nini hasa.

"Namba ni kukubali, mzee. Ukikubali, unapewa kiwanja nje ya mji."

"Na nisipokubali?"

"Hapo sijui."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu. Nilimweleza wasia, kwamba sina mamlaka ya kukubali wala ya kukataa kabla yako. Akasema atasubiri hadi Ijumaa ijayo.

Jana nilikuta mlango wa mama umepigwa mstari wa chaki, ulionyooka barabara, tayari kwa namba. Niliufuta kwa kitambaa kibichi. Leo alfajiri nimeukuta tena. Msimamizi alipopita nilimwonyesha.

"Tunakurahisishia kazi tu, mzee," alisema.

Kopo la rangi liko ukumbini, na brashi nimeiosha. Kwa kuwa ulikwenda kuwapanga watu wengine, unajua kuliko mimi nini huwapata waliokubali na nini huwapata waliokataa. Sikuulizi kwa kukulaumu. Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye mkubwa, na katika nyumba hii hakuna mwingine wa kuulizwa.

Kwa hiyo naomba uamuzi wako kabla ya Ijumaa, kwa njia yoyote itakayonifikia: niuandike mlango, au nisiuandike?

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,
nyumbani kwa mama, Kariakoo.