Maziwa ya Ijumaa

Mwalimu,

Ni Sabato alasiri, na niko kwenu Nyansiongo, kwenye benchi lililo nje ya kituo cha maziwa. Mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Hapo ndipo nilipokosea, ningempa mtu mwingine auweke. Ndani ya tangi lako mna maziwa ya jana jioni, ya kila boma linaloleta maziwa hapa, na mimi sijui kama yamepoa au yanachacha. Nimeona nikuandikie, angalau mikono ipate kazi.

Waliyaleta jana jua likiwa bado juu, kama ulivyotaka. Nikafungua valvu, nikasikia ile sauti uliyoniambia nitaisikia, ya mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Tukafunga mlango, jua likazama, na tangu hapo hakuna aliyegusa kitu. Lori la kuyachukua linakuja kesho asubuhi.

Kaka yako Nyamweya ndiye mwenyekiti wa kituo siku hizi. Jana kabla hajaenda nyumbani aliniita kando, akaniambia kwa ule upole wenu unaotisha: "Makori, Ijumaa hii tumekupa kwa sababu ya dada yangu. Maziwa yakiharibika, hilo tangi tutaligeuza la kuvunia maji ya mvua." Hakuwa ananitania. Alikuwa ameshaangalia paa, anatafuta mahali mfereji utakapopita.

Nami simlaumu. Watu wamechoka na maziwa ya Ijumaa tangu wewe ukiwa mtoto. Ng'ombe hajui Sabato, anatoa tu, lakini lori haliji na kituo hakifunguliwi. Maziwa ya Ijumaa jioni yanakaa kwenye mikebe hadi Jumapili, na Jumapili yanakuwa ya kumwagia ndama. Uliniambia mama yako alikuwa akiyaonja kila Jumapili asubuhi kana kwamba safari hii yangekuwa mazuri, kisha anayamwaga bila kusema neno. Ulisema huo ukimya wake ndio uliokupeleka chuo kikuu.

Kwenye mazishi hakuna aliyelisema hilo. Walisoma shahada zako, tuzo zako, hataza zako, nchi ulizohutubia, na watu wakaitikia kwa heshima bila kuelewa. Mhubiri alikuita Nyaboke, daktari wa kemikali. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba wewe ndiwe uliyekuwa ukitengeneza dawa ya kupe. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu. Si ndivyo walivyokuwa wakikuuliza kila ukija likizo, dawa gani inaua kupe sugu? Na ulikuwa unawajibu. Hukuwahi kumwambia mtu kwamba hiyo si kazi yako.

Mimi nilitaka kusimama niwaeleze, nikashindwa. Kila nikifungua mdomo ilikuwa inakuja ile habari ya kiwanda cha sukari, na sikujua kama inafaa kusemwa mbele ya jeneza. Umetoka chuo, mhandisi mwanamke peke yako, unawaambia wakubwa kwamba Ijumaa jua likizama wewe hupo. Kiwanda cha sukari hakilali! Wakakuhamishia maabara ya nyuma, upime unyevu wa sukari, uchoke, uache kazi. Huko ndiko ulikokutana na zile punje zinazonyonya unyevu, zile zinazotiwa kwenye vipakiti ndani ya kasha la viatu vipya. Wenzako waliziona takataka. Wewe ukajiuliza, kama punje inaweza kunywa mvuke wa maji kwa pupa namna hiyo, maji yanayobaki si yatapoa? "Walinitupa kisimani, Makori, nikakuta maji." Ulikuwa ukilisema hilo kwa majivuno kidogo, usikatae.

Mengine yote yalianzia hapo. Ulienda nchi ya theluji kusomea baridi, wakakucheka kwamba mtu ametoka kwenye jua kuja kutafuta baridi kwao. Ukarudi na udaktari wako. Ukavigeuza vikaushio vya majani chai virudishe hewa moto badala ya kuitupa nje, rundo la kuni likapungua hata meneja mmoja akadhani kuna mtu anaiba. Sifa zote hizo zilikuja, na wewe bado ulikuwa unatafuta kitu kimoja tu: baridi ambayo moto wake unawashwa Alhamisi na Ijumaa mchana, kwa gesi ya samadi, punje zikauke kabisa, kisha mtu afungue valvu kabla jua halijazama na aende zake kusali. Punje zinaendelea kunywa zenyewe polepole, baridi inaendelea kutoka, hadi Jumapili.

Unakumbuka ule mkutano mkubwa, yule mzungu aliyekuuliza kwa nini umetaka mtambo ukae peke yake muda mrefu hivyo bila mwangalizi? Ulimjibu kwa ukurasa mzima wa mahitaji ya watumiaji. Uliporudi kitini ukaniinamia, ukaninong'oneza: "Ni mama yangu."

Sasa nikuambie ninachoogopa, kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumwambia. Naogopa katikati. Kwenye kile kimtungi tulichojaribia maabara punje zilikuwa chache, zikinywa zinapata joto, na joto linatoka upesi. Mtungi wa punje wa hili tangi ni mkubwa. Punje za katikati zikipata joto zitakwenda wapi nalo? Zikishapata joto zinaacha kunywa, na zikiacha kunywa baridi inakwisha. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza: "Kikubwa si kidogo kilichonenepa." Mimi nikataka tupitishe mapezi ya alumini katikati yatoe joto. Wewe ukaleta vibao vya mawe ya Tabaka, yale mawe laini wanayochongea vinyago, ukasema jiwe hili linameza joto na kulishika, na fundi wake yuko hapa hapa, halitoki ng'ambo. Tukabishana. Ukasema tutapima tuone. Halafu ugonjwa ukakulaza, na hatukupima pamoja.

Nimeyaweka mawe, Mwalimu. Nimeyapanga vile ulivyochora. Lakini nikuambie kweli, sijaacha kuyatilia shaka.

Na naogopa maungio. Fundi wa kuchomelea wa pale Keroka ni mzuri, lakini huu mtungi wa punje haupendi hewa hata kidogo, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuua kazi yote. Kabla ya kuinyonya hewa yote niliujaza kwanza kwa pampu ili kutafuta tundu, nikaupaka povu la sabuni kila kiungo kama ulivyokuwa ukifanya. Wewe ulikuwa unaogesha mitambo kama mtoto mchanga, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo, huku unaila ile ndizi yako mbivu kwa mkono wa pili. Sikuona kiputo kilichokua. Nikarudia. Sikuona tena. Jana ulipofika wakati wa kuleta maziwa nikatamani kurudia mara nyingine, Nyamweya akaniuliza kama natengeneza mashine au naifua.

Mimi ni Mkatoliki, wajua. Leo hakuna amri inayonikataza kuingia humo ndani. Nilijiambia hivyo tangu asubuhi. Wote wameenda kanisani, kilima kizima kimenyamaza, ni mimi na ufunguo. Ningefungua mlango, ningegusa tu ubavu wa tangi kwa kiganja. Kama ni vuguvugu, ningewasha gesi nizikaushe punje upya, au ningekwenda kutafuta barafu Keroka, maziwa ya watu yakaokoka na hakuna ambaye angejua. Kwani ni vibaya kuokoa maziwa? Nilisimama. Nilifika mlangoni. Ufunguo ulikuwa umeshaingia kwenye kufuli.

Ndipo mama yako akaja. Bibi mwenyewe, Omong'ina Bosibori, na lile gauni lake jeupe la kanisani, anatembea taratibu kwa mkongojo. Nilidhani atanikemea. Aliutazama mkono wangu, akautazama mlango, akaketi kwenye benchi. Akasema, "Mwache Nyaboke apumzike."

 Nikautoa ufunguo nikaketi kando yake. Yeye akawa anavuma wimbo wa kanisani kwa chini, mimi natoka jasho. Kisha akaenda kula, akaniambia nimfuate, nikasema nakuja. Sijaenda. Lakini mlango sijaugusa tena. 

Naiacha hapa kwanza.

*

Ni Jumapili. Naendelea na karatasi ile ile.

Kulipopambazuka walikuwa wameshafika, kila mtu na kisingizio chake. Mmoja amekuja kutafuta mkebe, mwingine ng'ombe wake amepotea. Nyamweya alisimama mikono nyuma. Nilifungua kufuli.

Niligusa ubavu wa tangi, nao ulikuwa baridi. Nikapanda nikafunua kifuniko, nikatia kipimajoto, nikakisoma, nikakitoa nikakipangusa nikakisoma tena. Yalikuwa baridi, Mwalimu, katikati na pembeni. Mawe yako yalimeza joto lote. Nikawaambia. Nilitarajia kelele.  Wote walimgeukia mama yako.

Yeye hakutaka kusikia habari za kipimajoto. Alichota kwa kata, akatia kwenye sufuria yake, akatuongoza hadi jikoni kwake, na wote tukamfuata kama watu wa msafara. Akaiweka motoni. Nikaelewa, na ule woga wote ukanirudia. Maziwa yanaweza kuwa baridi na yawe yameshaanza kuharibika kabla ya kupoa. Kama yalichelewa kupoa Ijumaa jioni, yangekatika yakipata moto, yangegeuka mabonge na maji mbele ya macho yetu. Sikuwa nimelifikiria. Katika hofu zangu zote hizo, hiyo sikuwa nayo.

Tulisimama tunatazama sufuria. Nadhani hujawahi kufanya mtihani wenye wasimamizi wengi hivyo. Yalianza kutoa mvuke. Yakafanya utando. Mama yako akaupuliza, akachungulia. Nilimsikia Nyamweya akimwita Nyasae, Mungu wetu, kwa chini, na huyo mtu hajulikani kwa kusali hadharani. Halafu maziwa yakapanda. Yakapanda meupe, yote, hadi ukingoni, na mama yako akaiondoa sufuria kwa wakati, kama mtu ambaye amefanya hivyo maisha yake yote, lakini kwa maziwa ya asubuhi tu. Kwa ya Ijumaa hajawahi.

Akatia majani, akatia sukari, akarudisha motoni. Hakusema chochote. Nilikijua kile kimya kwa sababu ulishanieleza, ila uso wake leo haukuwa ule uliokuwa ukinisimulia.

Mimi nililia. Nimwambie nani kama si wewe? Nililia jikoni kwa mama yako mbele ya wafugaji wazima, mimi ambaye kaburini nilisimama mkavu watu wakaniona sina moyo. Nyamweya akanishika bega akaniambia nisahau lile jambo la maji ya mvua. Lori likapiga honi barabarani, watu wakakimbilia mikebe. Yule wa lori alipima kama anavyopima siku zote, akatikisa kichwa kwa mshangao, akayapokea yote. Mama yako akanisukumia kikombe mkononi.

"Kunywa," akasema, "kabla haijapoa."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Nikanywa.

Bado nina wasiwasi, usifikiri umeisha. Sabato moja si jibu, ungekuwa wa kwanza kuniambia. Hatujaona miezi ya jua kali. Hatujui punje zitachoka lini. Watu wa Keroka wamesikia tayari na wanataka tangi lao, kubwa zaidi, na kikubwa si kidogo kilichonenepa. Leo sitalala vizuri, na pengine Ijumaa ijayo pia sitalala. Ulikuwa hivyo hivyo wewe, nilikuwa nakuona, ila ulikuwa unakula ndizi ili tusijue.

Lala, Mwalimu. Kaburi lako limeota majani, tulilipalilia Ijumaa kabla ya jua kuzama, na kituo kinaonekana kutoka hapo. Ninakuahidi jambo moja. Ijumaa nitafungua valvu, nitafunga mlango, na ufunguo nitampa mama yako. Kisha nitakwenda kwake nikale chakula nilichokikataa jana.

Mwanafunzi wako,
Makori