Mahali Nilipofuta Mara Nyingi

Isevya, Tabora

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Neema,

Marahaba! Barua yako imefika na hapa sote tu wazima. Shangazi yako wa Nzega kajifungua mapacha, na babu yako kwa furaha anatembea bila fimbo.

Umeniuliza umsifu vipi mwanao Baraka, maana kila ukimwita "kichwa" anazidi kuogopa hesabu ngumu. Swali lako limenirudisha utotoni Kaliua!

Mimi pia niliitwa kichwa. Zilipokuja hesabu za sehemu nikakosa, nikaficha daftari ghalani, nikasingizia tumbo nisiende shule. Mama, ambaye hakusoma hata darasa moja, akaliona lile daftari. Nikangoja kugombezwa. Yeye akaweka kidole mahali karatasi ilipokaribia kutoboka.

"Hapa umefuta mara nyingi. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikaanza kumweleza. Katikati ya maneno nikaliona kosa langu mwenyewe, nikapiga kelele, "Mama, nimejumlisha hata namba za chini!"

Hakusema nina akili. Alisema, "Hukuchoka kutafuta, ndiyo maana umeona." Ee Neema, ningeweza kukimbia hadi stesheni na kurudi! Nilitaka hesabu nyingine papo hapo, tena ngumu zaidi.

Mjaribu Baraka hivyo. Muulize alivyofanya, halafu msikilize kweli kweli.

Siku ile mama aliketi kando yangu, akashika penseli kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema, "Haya, nifundishe na mimi."

Bibi yako anayewapenda mno