Wakiuliza Nilikula Wapi

Karuba, Masisi

Mudogo wangu Joséphine-Marie,

Huku mvua inanyesha, maharagi imeota vizuri, na ngombe yetu ilizaa. Falone, ule binti wa kwenu Kibua mwenye uliletea mutoto wangu Akilimali amuoe, njo ananipikia kila siku.

Sasa usishituke. Tangu damu ya mwezi ilikata, joto linanipanda mwili muzima, nikasema ni malaria tu. Siku ya Mungu, kisha kula sombe ya Falone, yale majani ya muhogo, kifua kilinibana nikaanguka kwa mulango. Infirmière wa kituo cha afya alipima tension ya damu, akasema: “Mama, homoni zenye zilisaidia kulinda moyo zinapunguka wakati damu inakata. Moyo yako iko mugonjwa.” Akanipa dawa.

Lakini shemeji Nizeyimana hakutaka kusikia mambo ya moyo. Aliuliza tu: “Ulikula kwa nani?” Tangu pale majirani wananongona sumu. Falone anaonja kila sahani mbele yangu, vile tunaonjaka pombe mbele ya mugeni.

Jana nilimunyanganya sahani mbele yao wote, nikakula ya kwanza. Moyo ilipiga mbio, nikaomba Mungu: siyo leo, watamuua.

Ukisikia nimekufa, usingoje barabara ikauke. Kuja useme mbele ya kaburi: ni moyo iliniua. Wakiuliza nilikula wapi, jibu: kwa Falone, mutoto wake, na alishiba.

Dada yako,
Libérata