Kurasa Ambazo Baba Hakuzifunga

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii imekukuta mzima, mgongo umetulia, na dada anakutia dawa ya macho bila nyinyi wawili kugombana. Mimi sijambo, ninakula na kulala vizuri. Ila kazi imenibana, kwa hiyo likizo ya mwezi huu sikupata na usiningoje. Nimeona nikwambie mapema lisije likakukaa moyoni.

Dada amenieleza kwamba ulimwamuru aifunike ile kompyuta kwa kitambaa na kuisogeza pembeni, ukasema umeshazoea, redio inakutosha. Baba, nakujua. Mtu aliyesoma prufu, kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji mpaka macho yakamchoka hawezi kutoshwa na redio. Iliniuma sana, maana programu ile ya kukusomea magazeti niliitengeneza mimi, na nilijigamba kwa kila mtu kwamba baba yangu anasoma tena. Kumbe kila ikifika mchana sauti inaburuta, kisha inakata katikati ya sentensi, nawe unangoja kwenye kiti mpaka dada arudi kutoka kazini.

Sehemu kubwa ya programu ile iliandikwa na akili bandia. Mimi naeleza ninachotaka, yenyewe inaandika chapchap, mimi napitia. Hapa ofisini sote tunafanya hivyo siku hizi. Kwenye kompyuta yangu ilisoma bila kukwama, nikafurahi, nikakutumia.

Programu ilipokwama kwako nikairudia akili bandia, nikaieleza kwamba kumbukumbu ya kompyuta yako inajaa. Ikanishauri, kwa adabu zote, ninunue kumbukumbu zaidi, ilhali kompyuta yako ni kuukuu, haipokei zaidi. Ikasema basi programu iwe inajizima na kujiwasha yenyewe. Hapo ungekuwa kila saa unatafuta ulipoishia. Mara ya tatu ikafuta kila sauti iliyokwisha kusomwa, na kile kitufe chako cha kurudia kikafa. Kila jibu lilikuwa sahihi kwa swali nililouliza. Niliudhika mpaka fundi wa meza ya pili, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, akaniuliza kama nagombana na kompyuta au na mume.

Ufumbuzi ulitoka kwa dada, naye alikuwa analalamika tu. Alisema Baba hataki kitu chochote kifungwe. Makala ukiifikisha katikati unaisimamisha, unafungua nyingine, na akithubutu kuifunga ile ya kwanza unamfokea kwamba haijasomwa mara ya pili. Nilicheka mpaka Profesa akageuka. Nilikumbuka kiwandani: hukuwahi kuidhinisha ukurasa siku hiyo hiyo. Uliuacha mezani, kesho yake unausoma tena kuanzia juu, ndipo unatia sahihi. Mbao za meza yako hazikuwahi kuonekana.

Basi kumbukumbu ya kompyuta ndiyo meza hiyo. Msimamizi wake, ambaye sisi mafundi tunamwita mfumo endeshi, hugawa nafasi mezani. Meza ikijaa huanza kupeleka vitu kabatini na kuvirudisha, ndiyo maana sauti ikawa inaburuta. Akishindwa kabisa humtoa nje anayekalia nafasi kubwa kuliko wote, na huyo alikuwa msomaji wako. Akili bandia iliandika kwamba sauti ya ukurasa iondolewe mezani ukurasa ukifungwa. Haikujua kwamba yupo mzee asiyefunga. Ingejuaje, Baba? Mimi niliyecheza chini ya meza ile utotoni sikukumbuka kuiambia.

Nikakaa nikaandika sehemu hiyo mwenyewe, mstari kwa mstari, kisha nikaipa akili bandia ikague. Ikanishika kosa moja, nakubali. Sasa ukisimamisha ukurasa, sauti inaondoka mezani, inabaki alama ndogo tu ya mahali ulipoishia. Ukirudi, sauti inatengenezwa upya kuanzia hapo, na kitufe cha kurudia kinafanya kazi.

Barua hii hakusomei dada. Najua mashine umeitambua tangu salamu, na najua unangoja uone itakatikia wapi. Usilolijua ni kwamba dada aliiwasha chini ya kitambaa tangu juzi asubuhi na hajaizima. Makala zote ulizoziacha njiani amekufungulia tena: ya daraja, ya wafuga nyuki, na ile ya bei za karatasi uliyobishana nayo kwa sauti. Zote ziko wazi, zinangoja usomaji wa pili, na mashine bado inapumua. Nimefurahi mno, Baba, hata siwezi kuficha.

Nisalimie dada, mwambie malalamiko yake yamenisaidia kuliko ushauri wa wasomi wote wa hapa. Profesa naye anakuamkia.

Kabla hujaidhinisha barua hii, ujue kwamba kule mwanzoni, kwenye salamu, nimeandika jambo moja lisilo la kweli. Bonyeza kurudia, usikilize kuanzia juu. Ukishalipata, mwambie dada atandike kitanda cha chumba cha nyuma, na Ijumaa msifunge mlango mapema.

Ni mimi mwanao nikupendaye, yule uliyemwita
Bi Maswali